Watoto wa Mizani

"Hivi jirani yangu, mbegu za suke moja, zimelowekwa maji yale yale, zimefunikwa jani lile lile la mgomba. Kwa nini hizi zichipue na hizi zigome?"

Swali hilo Tupokigwe aliliuliza zamani, kabla watoto wao hawajazaliwa, akiwa amechuchumaa uani kwa Subilaga mbele ya ungo wa ulezi. Ulikuwa ulezi wa kimea, wa togwa la sikukuu ya mavuno kanisani, na wanawake hao wawili walikuwa wakitenga mbegu zilizotoa ndevu nyeupe na zile zilizobaki ngumu kama changarawe. Tupokigwe hakuwa mtu wa kuacha kitu kipite bila kukichokonoa. Mchungaji mwenyewe alikwisha kumuuliza kwa nini Nuhu hakuwaacha mbu nje.

"Muulize aliyeziumba," Subilaga alimjibu. "Mimi nataka kimea."

"Nimemuuliza. Kanyamaza."

"Basi na wewe nyamaza."

Wakacheka. Lakini kicheko cha Subilaga hakikufika tumboni, maana tumboni alikuwa amebeba mimba ya mtu aliyelala kaburini. Mumewe, Asumwisye, aliugua kifua pamoja na kaka yake. Walilazwa vitanda vya kupakana, wakanyweshwa dawa ya chupa moja kwa kijiko kimoja. Kaka mtu aliinuka akarudi kuchuma chai. Asumwisye mwili wake haukuweza kuivunjavunja ile dawa, ikamjaa ndani taratibu kama maji kwenye mfereji ulioziba, mpaka ikamzamisha. Mganga wa zahanati alimwambia mjane, "Kila mwili na namna yake, mama. Sisi dozi tunakisia tu." Neno hilo, kukisia, lilimkwama Subilaga kooni kama mwiba wa samaki. Akila lipo. Akisali lipo.

Ndiyo maana sindano ya Mizani ilipopanda milima hadi kijiji cha Busisya, yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mtoto mmoja mbele na mmoja mgongoni.

Sista Edina, nesi wa zahanati, aliieleza vizuri sana siku ile. Ndani ya kila chembe ya mwili, alisema, kuna vibarua wadogo wasioonekana, wanaotengeneza protini. Vibarua hao ni wachache na kazi yao ni ya kubahatisha: saa hii wamejazana, saa ile hakuna hata mmoja. Ndiyo maana chembe mbili zilizo jirani, zenye vinasaba vile vile, hazifanyi jambo moja. Ndiyo maana hata mapacha wa yai moja hawalingani ndani. "Basi Mizani inaingiza mnyapara katika kila chembe," alisema. "Protini ikizidi, anaipunguza. Ikipungua, anawachapa vibarua. Mwili hautakisiwa tena. Dozi moja, watoto wote."

"Na mnyapara akikosea?" Tupokigwe aliuliza kutoka nyuma. Alikuwa na Gwakisa mikononi, mtoto wake wa kwanza na wa mwisho, maana kizazi kilitolewa siku ile ile aliyomzaa.

Wanawake wakaguna. Subilaga, ambaye kwa wakati huo alikwisha kujifungua mapacha wake, Sekela na Atu, alikwenda nyuma, akamshika jirani yake mkono, akamvuta hadi mezani. "Unataka naye azikwe kwa kukisiwa?"

Tupokigwe akamfunua mtoto bega.

* * *

Miaka ikapita, na Mizani ikafanya kazi yake. Watoto wa Busisya waling'oka meno juma moja. Shuleni hapakuwa na haja ya kengele ya uji, kwa sababu njaa iliwashika wote kwa pamoja, wakaweka kalamu chini kama waliokatazwa. Homa ikija, ilikuja kwa wote na kuondoka kwa wote, na Sista Edina alimpima mmoja tu, akaandika kwa darasa zima. Hakuna mtoto aliyekufa kwa dawa. Hata mmoja. Subilaga alimshukuru Mungu kwa hilo kila Jumapili, kwa sauti, na hakuna aliyemwambia apunguze.

Nyumbani kwake raha ilikuwa maradufu. Akitaka kujua kama Atu ana homa, alimgusa Sekela aliyekuwa karibu na jiko. Akitaka kujua kama Sekela ameshiba, alimtazama Atu. Mkono wake ulizoea hivyo hata ukasahau kwamba vipaji vya uso ni viwili.

Kisha ikaja homa ya ukungu.

Watu wazima, ambao hawakuwahi kutiwa Mizani, iliwapiga ovyo ovyo. Huyu alikohoa akapona, yule alilala siku mbili, mwingine hakujua kama imepita kwake, na wawili watatu walizikwa. Lakini watoto walilala wote mchana mmoja, darasani, wakiweka vichwa juu ya madawati kana kwamba mwalimu kawaamuru. Hawakuamka.

Sasa walikuwa wamelazwa kwenye ukumbi wa kanisa, mabenchi ya kwaya yakiwa yamesukumwa ukutani. Subilaga alikaa kati ya vitanda vya wanawe akisikiliza. Watoto wa kijiji kizima walikuwa wakivuta pumzi kwa mpigo mmoja. Ukumbi ulijaa, ukapungua, ukajaa, ukapungua. Siku za mwanzo akina mama waliona kama faraja hivi, kama kwaya iliyofundishwa vizuri. Siku zilivyokwenda, wengine walianza kuziba masikio.

Asubuhi hiyo aliwasili Daktari Ambilikile. Alikuwa kijana wa huko huko milimani, amesomea mbali, na viatu vyake vilikuwa na tope hadi kwenye kifundo, kwa kuwa barabara ilikatika akapanda kwa miguu. Hakukaa kitini. Aliketi sakafuni pamoja na akina mama, jambo lililowaogopesha zaidi.

"Nitawaambia kama ilivyo," alisema. "Mdudu huyu wa homa hakutiwa Mizani. Dawa tukimpelekea, wengi wanakufa, lakini kila mara wanabaki wachache waliokuwa wamelala. Si kwamba ni hodari. Ni bahati ya ndani yao tu, kwamba saa hiyo protini ya kuwaamsha ilikuwa haba. Dawa inawapita kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba iliyofungwa. Ikishaondoka, wanaamka, wanaanza upya. Watoto wetu hawana chembe za kulala wala za kuamka. Miili yao yote inapigana kwa namna moja. Mdudu alipoujua mlango wa mmoja, aliijua milango yote."

"Kule ng'ambo ya mto je?" Subilaga aliuliza. "Wao walitangulia kuugua."

Daktari alitazama viatu vyake. "Mioyo ilisimama mchana mmoja."

"Ya wangapi?"

"Yote, mama."

Ukumbi ulijaa, ukapungua.

"Kuna njia mbili," daktari aliendelea. "Maabara ya mjini wanatengeneza dawa mpya. Wanasema kindege kisicho na rubani kitaileta wakati wowote. Ikija ikafaa, itawafaa wote, kwa kuwa wote ni sawa. Isipofaa, nayo ni kwa wote. Njia ya pili ninayo kwenye mkoba. Tunaiita Mtikiso. Inamfukuza mnyapara. Chembe zinarudi kufanya zitakavyo, kama zetu sisi. Kuna mwili utakaopata njia ya kumshinda mdudu. Na kuna mwili utakaowaka, ukajiunguza wenyewe."

"Nani na nani?"

"Ningejua, mama, nisingewauliza. Ningechoma sindano nikaenda zangu. Ila nahitaji wa kwanza, nione inavyokwenda."

Ndipo Tupokigwe, aliyekuwa ameinamia kitanda cha Gwakisa tangu asubuhi, aliinua kichwa.

"Aanze Mama Pacha."

"Jirani..."

"Usiniite jirani. Wewe unao wawili, mimi ninaye huyu huyu. Na mkono ulionivuta nautambua mpaka leo. Nilipouliza, mkaguna. Haya, guneni sasa."

Hapakuwa na uongo ndani ya maneno hayo. Subilaga alimgeukia daktari kama mtu anayetafuta pa kushika.

Daktari alizungumza polepole. "Kwa hesabu tu, mama, anachosema si kibaya. Mmoja apewe Mtikiso, mmoja asubiri dawa ya mjini. Ukiwagawa hivyo, huenda usiwakose wote."

"Nimgawe yupi?"

"Yeyote. Wako sawa mpaka ndani."

* * *

Katika milima ile mapacha hawatengwi. Muhindi ukiwa mmoja unakatwa katikati. Mmoja akikosea wanatolewa nje wote. Wanapozaliwa wanamwagiwa maji ya kibuyu kimoja, kwa mkupuo mmoja, mtu asije akasema huyu alitangulia. Mama anayemchagua mmoja huambiwa amempa mgongo mwingine, na mgongo huo haugeuki tena. Subilaga alikuwa ameyaacha mengi ya bibi zake kwenye mlango wa kanisa. Hili hakuliacha, na mchungaji hakumwambia aliache.

Alitoka kwenye baraza. Mvua ilipiga bati, migomba ikainamisha majani, na mashamba ya chai yalipotelea kwenye ukungu hatua chache tu kutoka hapo. Akapiga magoti juu ya saruji yenye maji. Hakuomba maneno marefu. Alisema, Baba, nionyeshe. Akasubiri. Alilosikia ni pumzi za watoto nyuma yake, zikijaa na kupungua, zisizomwambia lolote.

Aliporudi ndani magoti ya gauni lake yalikuwa yanachuruzika.

"Wote wawili," alisema. "Mkono mmoja, saa moja."

"Mama, fikiria tena."

"Nimefikiria. Nikimchagua mmoja akafa, nimemuua. Akipona yeye, siku mwenzake akiamka ataniuliza kwa nini hakuwa yeye. Nimwambieje, kwamba alilala upande wa dirishani? Kama Mungu anataka kuwagawa, awagawe Yeye. Mkono wangu haugawi."

Daktari akafungua mkoba. Alimchoma Sekela, akamchoma Atu, sindano mbili za kichupa kimoja. Subilaga alisikia jambo lililomsimamisha nywele. Katikati ya ile pumzi moja kubwa, pumzi mbili ndogo zilijikwaa, zikachelewa, zikachomoka. Moja ilikwenda mbio, nyingine ikajikokota. Ilikuwa mara ya kwanza tangu awazae kusikia wanawe wakipumua mbalimbali.

Hakulitafakari. Usiku wote aliwafuta jasho, na alfajiri usingizi ukamwiba akiwa amekaa.

* * *

Aliamshwa na kelele za furaha.

"Imeshuka! Mama Pacha, imeshuka!" Sista Edina alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Sekela, kilicho karibu na mlango, kipimajoto kikiwa juu kama mshumaa. "Tazama mwenyewe!"

Subilaga aliweka kiganja kwenye paji la uso la Sekela. Lilikuwa na unyevu, poa, kama jiwe la mtoni. Macho ya mtoto yalicheza chini ya kope. Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaupokea wakilia. Sista Edina akaandika kwenye ubao wa ukutani, kwa mwandiko wake mzuri, joto la Sekela. Chini yake akaandika joto la Atu, tarakimu zile zile, kama alivyofanya miaka yote.

Atu alikuwa amelala ubavu kuelekea ukutani, shuka hadi shingoni, kimya. Watu wakimya hawaitiwi daktari. Daktari mwenyewe alisoma ubao, akashusha mabega, akaenda kuwapigia simu wa mjini kuwaambia kwamba wawili wa kwanza wanashuka.

Subilaga alimlisha Sekela togwa jepesi kwa kijiko, tone kwa tone. Alimwimbia. Alimshukuru Mungu kwa majina yote mawili, Sekela na Atu, kwa sababu mkono wake ulikwisha kumwambia kwamba wote ni wazima. Alikisogeza kitanda cha Atu kikagusana na cha mwenzake, ili wakiamka waonane, na hata hapo alishika chuma cha kitanda, hakumshika mtoto.

Jua lilipochungulia kidogo kupitia madirisha, Sekela alifumbua macho. Alitazama dari. Alitazama watu. Midomo yake ilikuwa imekauka, na sauti ilitoka kama karatasi inayokunjwa.

"Mama. Atu ananiunguza mgongo."

Tupokigwe alikuwa wa kwanza kuelewa. Kijiko kilikuwa bado kwenye vidole vya Subilaga wakati jirani yake alipolivuta shuka. Subilaga akaweka mkono juu ya paji la Atu, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, na mkono ukaruka wenyewe kama umegusa figa.

Daktari alikuja mbio. Walileta maji ya mtoni kwa ndoo, walileta vitambaa, walifungua kila kilichokuwa kwenye mkoba. Atu hakufumbua macho. Chembe zake, zilizoachiwa huru saa ile ile na za pacha wake, kwa dawa ile ile, zilikuwa zimeshika njia nyingine, na zilikuwa zimekwenda nayo mbali tangu alfajiri, huku ubao ukisema yu poa.

"Tungejua asubuhi..." daktari alianza. Akameza yaliyobaki.

Sista Edina alikuwa amekishika kipimajoto kwa mikono miwili, kifuani. Hakuna aliyemlaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kwake. Alikwenda ubaoni akafuta tarakimu za Atu kwa kiganja. Zikabaki zinaonekana kwa mbali.

Atu alikata pumzi kabla mvua ya mchana haijaanuka.

* * *

Dawa ya mjini haikuwa imekuja. Daktari alisimama mbele ya akina mama, safari hii hakukaa sakafuni. Alisema mapigo ya mioyo ya watoto waliobaki yanapungua kwa hatua moja, na kwamba akisubiri hadi kesho hatakuwa na wa kumchoma. Halafu akamkaribia Subilaga, akainama.

"Mama, wewe wanakusikiliza. Mmoja amepona. Waambie."

Subilaga alikuwa ameketi, Atu mapajani akiwa amefungwa kitenge, Sekela amelala ameegemea kiuno chake. Aliinua uso. Aliwaona wote wakimtazama kama walivyomtazama siku ile ya foleni, wakingoja aseme ili wao wasiseme.

"Yai moja," Tupokigwe alisema. Sauti yake haikuwa na kisu tena. "Dawa moja, mkono mmoja. Kwa nini huyu ainuke na huyu asiinuke?"

"Ni bahati ya chembe, mama," daktari alijibu kwa upole. "Hakuna sababu nyingine ninayoweza kukuonyesha. Hata nikiwapasua hadi..."

"Daktari," Subilaga alisema. "Tafadhali."

Akamgeukia Tupokigwe.

"Sijui, Mama Gwakisa. Hata zile za kwenye ungo sikujua. Nilikucheka tu."

"Kwa hiyo nimpe au nisimpe?"

Subilaga alimtazama Gwakisa, kifua chake kikipanda na kushuka pamoja na vifua vya wenzake wote, mpigo mmoja, ukiwa umelegea kuliko jana. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, wa kulia, kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyekuja kuomba maji.

"Siku ile nilikushika mkono nikakuvuta. Leo sikushiki. Ukimwacha, sitakusema. Ukimpa, mguse yeye. Mguse yeye, Tupokigwe, kila mara. Usimguse mwenzake ukadhani umemgusa yeye."

Tupokigwe alinyoosha kiganja kwa Sista Edina. "Hicho kipimajoto nipe mimi."

Sista Edina akampa.

"Daktari, mchome."

Alimfunua mtoto bega yeye mwenyewe, kama zamani. Sindano iliingia, ikatoka. Wote walisikiliza. Ukumbi ulijaa, ukapungua, ukajaa, na katikati ya kupungua pumzi ya Gwakisa ilijikwaa ikaachana na za wenzake. Hakuna aliyeweza kusema inaelekea wapi. Tupokigwe alikuwa ameshaweka mkono kwenye paji la uso la mwanawe na hakuwa na dalili ya kuuondoa.

Nyuma yake mwanamke wa pili akasimama kwenda mezani. Halafu wa tatu. Wengine waligeuka ukutani.

Subilaga alimwinua Sekela polepole akamlaza kwenye kitanda cha Gwakisa, upande wa miguu, mahali ambapo mkono wa pili wa Tupokigwe ungeweza kumfikia. Tupokigwe aliunyoosha mkono huo wa pili akaushika mguu wa mtoto.

Subilaga akampakata Atu kwa mbele, si mgongoni, akakaza fundo la kitenge, akapita kati ya vitanda hadi mlangoni, akatoka kwenye mvua, akashika njia ya nyumbani.